Baba Ethan Akija Mikono Mitupu

Kama umewahi kutazama filamu ya Kimarekani ambamo mama fulani anasubiri hospitalini, mlango unafunguka, na daktari mzee mwenye nyusi nene anatoka akivua kofia yake taratibu, basi huenda umemwona Baba Ethan. Jina lake hukulisoma. Lilipita mwishoni kabisa, watu wakiwa wamekwisha kusimama kutafuta viatu vyao. Aliitwa Alasdair Rennie, Mskoti wa Greenock, mji wa meli na mvua, na sisi Waafrika Mashariki wa Lanham, Maryland, hatukuwahi kulitamka jina hilo sawasawa hata mara moja. Alipooa kwetu tulimwita Shemeji. Alipopata mtoto tukamwita Baba Ethan, na hilo likamkaa.

Mimi ni Nkatha, Mmeru, na ninalea wazee katika nyumba moja ya wagonjwa huko Rockville. Mke wake, Chelagat, ndiye nesi aliyekuwa mkubwa wangu kazini na rafiki yangu nyumbani, jambo ambalo si rahisi hata kidogo. Nasimulia habari zao kwa sababu wengi wanazisimulia vibaya. Wako wanaosema mzungu alimkosea mkewe siku ya msiba, na wako wanaosema mke ndiye mwenye roho ya jiwe. Mimi nilikuwepo. Wao hawakuwepo, kwa hiyo wanyamaze kidogo.

Uigizaji nao una vyeo vyake. Kuna wanaopendwa, kuna wanaochukiwa, halafu kuna akina Baba Ethan, wanaoingia mara moja, wanavuruga maisha ya wote hao, kisha wanatoka. Tangu ujana alikuwa na uso wa mtu aliyekwisha kuzika. Huko kwao Uskoti, katika kumbi ndogo zenye baridi, walimpa sehemu ya mjumbe anayekimbilia kwa mfalme kusema kwamba malkia amejinyonga. Akaifanya vizuri mno, na hilo likawa kosa lake, maana baada ya hapo hawakumpa kitu kingine. Alikuwa padri anayepanda ngazi akiwa na barua ya jeshi. Alikuwa sajenti mlangoni. Alikuja Washington na kundi lililokuwa likizunguka na mchezo wao, ukumbi mmoja wa mjini ukamwomba abaki alete habari mbaya msimu mmoja zaidi, akabaki maisha yake yote. Filamu zilizopigwa Virginia na Baltimore nazo zikamgundua. Kila palipohitajika mtu wa kusema "samahani sana, mama," alipigiwa simu.

Hakuwa maarufu. Alikuwa na balaa lingine: watu walimfahamu bila kujua wamemfahamia wapi. Siku moja nilikuwa naye dukani pale Rockville Pike, mama mmoja akamshika shati akamwambia kwamba yeye ndiye daktari aliyemwacha baba yake afe. Baba Ethan hakujitetea. Alimsikiliza, akainamisha kichwa, akamwambia pole, na yule mama akaenda zake akifuta macho. Nilimkasirikia. Nilimuuliza kwa nini asimwambie kwamba yeye ni mwigizaji tu.

"Nkatha," akasema, "alitafuta mtu wa kumwambia miaka mingi. Leo amempata."

Kiswahili chake alifundishwa na mkewe, Mkalenjin, kwa hiyo alikisema kwa lafudhi ya Kericho na ya Greenock kwa pamoja, na watoto wa kanisani walikuwa wakimwomba aseme "samaki" ili wacheke.

Chelagat alikutana naye hospitalini. Alikuwa nesi mgeni, akaona mzungu anakaa sehemu ya kusubiria siku baada ya siku, na hana mgonjwa. Akamhoji. Mzungu akaeleza kwamba amepewa sehemu ya daktari katika filamu, na anataka kuona madaktari wa kweli wanavyotoa habari za kifo. Kisha, kwa kuwa waigizaji hawana aibu, akamwonyesha yeye mwenyewe atakavyofanya. Chelagat akacheka hadi mkubwa wake akachungulia.

"Unasimama kama mtu ameacha gari nje na engine inanguruma," alimwambia. "Kwetu mtu haambiwi kifo akiwa amesimama. Haambiwi kwa simu. Haambiwi peke yake. Muulize kwanza kama amekula, kwa sababu akishaambiwa hatakula. Halafu ukae chini, umtazame, useme jina, useme amekufa. Usiseme amelala. Mtu aliyelala huamshwa."

Baba Ethan akayabeba maneno hayo hadi kwenye filamu. Daktari wa kwenye karatasi alitakiwa asimame, aseme, aondoke. Yeye akavuta kiti, akamuuliza yule mama kama amekula. Hayo hayakuandikwa popote. Mwongozaji akayaacha yabaki, na mpaka leo filamu ile huoneshwa. Miezi michache baadaye walioana, na sisi tukanywa mursik, maziwa ya mgando ya Wakalenjin, iliyosafiri kutoka Kericho kwenye begi la mtu ambaye sitamtaja, maana watu wa forodha nao wana masikio.

Basi ikatokea ajali ya Christopher. Christopher alikuwa mtu wa ushirika wetu wa kanisa, mpole, mwimbaji wa sauti ya chini, na lori lilimmaliza kwenye Beltway, ile barabara kuu inayozunguka Washington, asubuhi akitoka kazini. Mke wake, Audrey, hakujua. Tulikusanyika nje ya nyumba yao, watu wazima wazima, mchungaji Simiyu akiwa mbele, na kila mmoja akitazama viatu vya mwenzake. Simiyu ni mtu wa Mungu, lakini akigongana na kilio ulimi wake hukunjika. Alibisha, Audrey akafungua, Simiyu akasema Christopher "amelazwa kidogo." Audrey akakimbilia funguo za gari. Alitaka kwenda kumpikia uji ampelekee!

Baba Ethan ndiye aliyepita katikati yetu. Akamshika Audrey mkono, akamkalisha kwenye kochi, akamuuliza kama amekula. Akasema jina. Akasema amekufa. Sauti yake haikuwa kubwa wala ndogo. Nilikuwa nyuma yake, na nakwambia ile habari ilitua kwa Audrey kama mtoto anavyowekwa mapajani mwa mtu. Kisha Baba Ethan akainuka, akatoka, akasimama barazani, akatuachia wanawake kazi ya kulia. Ndivyo alivyozoea. Mjumbe akishasema hutoka. Hakuna aliyewahi kumwandikia kinachofuata.

Toka siku hiyo kazi ikawa yake. Mama wa mtu akifa Machakos, kaka wa mtu akifa Mbeya, Simiyu alimpigia simu: "Baba Ethan, please, uko free jioni? Kuna kitu." Naye alivaa koti lake la kijivu akaenda. Hakuna aliyemlipa, naye hakuomba. Nafikiri alipenda kuhitajika. Kwenye jukwaa makofi walipigiwa waigizaji wengine.

Hayo makofi nayo tuliwahi kuyajaribu. Akina mama wa ushirika tulivaa vitenge, tukaenda mjini kumwona kwenye mchezo wa kale wa wafalme. Tukasubiri. Nusu ya kwanza ikaisha, hayupo. Baadaye akaingia akihema, akasema maneno machache, akatoka, na Audrey akapiga makofi peke yake ukumbi mzima. Tulipomkuta nje nilimuuliza, "Ndiyo hiyo tu?"

"Ndiyo hiyo tu, mama."

"Ameifanyia mazoezi hiyo 'ndiyo hiyo tu' tangu Krismasi," akasema Chelagat, na alikuwa akijivuna, msidhani hakuwa.

Sasa, mjumbe hauawi, lakini hakuna aliyesema mjumbe hukaribishwa chai. Watu walianza kumwogopa. Waliomwona kwenye baraza yao walianza kulia kabla hajabisha. Mama Leokadia, Mtanzania aliyekaa mtaa wa pili, alimwona dirishani siku moja amesimama mlangoni, akajificha nyuma ya kochi akapiga kelele, "Jamani, sifungui! Kama ni mama yangu, kaeni naye huko huko!" Baba Ethan alikuwa amemletea kifurushi kilichoachwa nyumbani kwao kimakosa. Ilibidi Chelagat aitwe aje aongee naye kupitia mlangoni.

Ethan alikuwa kijana wakati huo, mrefu, nyusi za baba na meno ya mama. Alielewa kila tulichosema, akajibu kwa Kiingereza, kama watoto wetu wote. "Dad, you gotta carry something," alisema akicheka. "Like, food. Nobody brings bad news with food."

Ikawa sheria. Baba Ethan akija kula au kupiga soga, alibeba sufuria ya Chelagat, ile kubwa ya mfuniko wa buluu, akaiinua juu ili aonekane dirishani. Wakati mwingine ilikuwa na viazi, wakati mwingine maharage, na ilikuwa lazima iwe na kitu. Baba Ethan akija na sufuria, fungua. Akija mikono mitupu, kaa chini. Hata watoto wetu waliijua.

Nilikuwa jikoni kwao, nakata sukuma wiki, siku Chelagat alipomwomba kitu kimoja. Baba Ethan alikuwa ametoka kumpa mtu habari ya baba yake, akaingia akiwa bado na ile sura: utulivu ule, macho yale yaliyoshuka kidogo. Chelagat akaweka kisu chini.

"Hiyo sura usiniletee mimi," alisema. "Siku yangu ikifika, na itafika, uje wewe. Usiniigizie."

Baba Ethan akacheka. "Nije mimi? Huyo ni nani?"

"Utamtafuta. Promise."

Akaahidi. Lakini nilimwona alivyogeukia dirisha, na sikupenda nilichokiona. Yule mtu aliogopa. Alikuwa ameombwa alete kitu ambacho hakuwa na hakika kama anacho.

Ethan alikufa Jumamosi. Alikuwa amehitimu chuo, anakaa Fairfax, anafanya kazi ya kompyuta, na wikendi alicheza mpira na wenzake. Alikimbilia mpira, akasimama, akashika magoti, akaanguka. Moyo. Hakuwa amewahi kuugua kitu zaidi ya mafua.

Askari wawili walikwenda Lanham. Mmoja alikuwa kijana mdogo, na alikuwa na jina limeandikwa kwenye kadi, na alisimama mlangoni akiwa amevaa kofia. Baba Ethan alinisimulia haya mwenyewe, muda mrefu baadaye, kwa sauti ya mtu anayesoma bei sokoni. Alimtazama yule kijana akajua. Sehemu ile aliwahi kuifanya mara nyingi kuliko askari yeyote. Akamwambia, "Vua kofia, mwanangu. Sasa sema polepole." Kijana akavua kofia, akasema polepole.

Chelagat alikuwa zamu, pamoja nami, Rockville. Simiyu alifika kwa Baba Ethan akamwambia, "Niachie mimi nikamwambie. Mimi ni pastor." Baba Ethan akakataa. Akasema ni kazi yake. Alivaa koti la kijivu, akalivua, akalirudisha kabatini. Walipokuwa wanatoka alipitia jikoni, na Simiyu alimwona anachukua kitu pale pa kuanikia vyombo, lakini nani humhoji mfiwa?

Meza ya manesi kwetu inatazama maegesho ya magari. Chelagat alikuwa anapanga dawa za mchana, mimi nakunja taulo. Akainua kichwa. Gari la Simiyu lilikuwa limesimama, na Baba Ethan anatembea kuja mlangoni, ameinua sufuria ya mfuniko wa buluu.

"Nkatha, leo tume-win!" akasema Chelagat. "Mzee amekumbuka ana mke. Achana na hiyo lunch yako ya microwave."

Alifurahi. Nataka hili lijulikane, kwa sababu ndilo lililomkaa kooni baadaye. Alirekebisha nywele. Alikwenda kumpokea katikati ya ukumbi, akaichukua sufuria kwa mikono miwili, akafunua mfuniko palepale asikie harufu.

Ilikuwa tupu. Matone ya maji ya kuoshea yalikuwa bado kwenye kingo.

Akaitazama. Akamtazama Simiyu, na Simiyu akatazama sakafu. Akamtazama mume wake. Mimi pia nikamtazama, na nakuapia sikuwahi kuuona uso ule. Haukuwa wa daktari, wala wa sajenti, wala wa padri. Ulikuwa wa mzee aliyepotea njia. Alifungua mdomo. Mdomo ule uliowaambia wafalme na malkia, uliomwambia Audrey, uliowaambia watu wa Machakos na Mbeya, ulifunguka na hakikutoka kitu. Mganga hajigangi, wahenga walisema, na mimi nilikuwa nikidhani wanatania.

Chelagat akaweka sufuria juu ya meza. Akavuta kiti.

"Kaa chini, Baba Ethan."

Akakaa.

"Umekula?"

Akatikisa kichwa. Chelagat akafungua pakiti ya biskuti za wagonjwa, akamwekea moja mkononi. Akakaa mbele yake, goti kwa goti.

"Ni Ethan?"

Mdomo ulifunguka tena. Biskuti ilikuwa imevunjika mkononi mwake.

"Ethan amekufa," akasema Chelagat. Hakuwa anauliza. Alisema jina, akasema amekufa, kama alivyomfundisha yeye zamani, na mume wake akaitikia kwa kichwa. Kisha Chelagat akainuka, akanawa mikono, akanikabidhi funguo za kabati la dawa, akanionyesha ni mgonjwa gani bado hajapata ya presha. Akachukua mkoba wake. Hakulia. Alipofika mlangoni alirudi akachukua sufuria.

Nilimchukia Baba Ethan siku hiyo. Nasema ukweli. Nilifikiri, mtu huyu amewapa wageni wote kilicho bora, na mke wake kamletea sufuria tupu, akamwachia ajiambie mwenyewe kama mtu asiye na ndugu.

Tukamzika hukuhuku Maryland. Watu wa Kericho walitaka arudishwe, Chelagat akasema mtoto hakutoka huko, atarudi vipi. Ushirika ulijaza nyumba. Tulipika, tuliimba, tulikesha. Lakini kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia, na mfiwa hakuanza. Chelagat aligawa sahani. Aliwauliza watu kama wanataka chai zaidi. Akina mama tulikaa na vilio vyetu vimejaa kifuani, tukitazamana, hakuna mwenye haki ya kumtangulia. Audrey alikuwa akitoka nje kila mara akidai anapokea simu. Matanga yakaisha hivyo, makavu. Tukarudi makwetu tukiwa wagonjwa.

Baba Ethan aliacha kazi. Wakala wake alipiga simu, kulikuwa na filamu, kulikuwa na hakimu mzee anayetakiwa kusoma hukumu, hakupokea. Alishinda chumba cha chini, kwenye kiti kimoja, taa imezimwa. Simiyu hakumwita tena kwenda kwa wafiwa, na habari zikaanza kutolewa kwa simu, vibaya, watu wakianguka kazini. Mume na mke wakawa kama wapangaji wawili katika nyumba ile. Wengine walianza kumwita Mzee Rennie kwa kuona aibu, na Chelagat aliwakemea hadharani: "Anaitwa Baba Ethan. Hilo jina halijafa." Lakini yeye mwenyewe hakumwita hivyo tena. Hakumwita chochote.

Siku moja garini nilimuuliza kama amemkasirikia.

"Nilimwomba aje yeye, akaja yeye," alisema. "Sasa nimlaumu nini? Ila kutoka dirishani hadi mlangoni, Nkatha, nilikuwa na furaha. Mtoto wangu amekufa na mimi na-think about maharage."

Nikaendesha.

Kilichobadilisha mambo ni televisheni ya wazee. Pale kwetu ukumbini huwaka kutwa, na hakuna anayeitazama isipokuwa wasioweza kuondoka. Mchana mmoja nilikuwa namlisha bibi mmoja supu, nikasikia sauti ninayoijua. Nikageuka. Alikuwa yeye, nyusi nyeusi bado, koti jeupe. Mama kijana amekaa kwenye benchi la hospitali. Daktari akavuta kiti. Akamuuliza kama amekula.

Nilitafuta rimoti. Bibi yangu alikuwa ameikalia. Nilipoipata nilimwona Chelagat amesimama nyuma na kitoroli chake cha dawa, hatikisiki. Akasema, "Wacha."

Kwenye filamu daktari alisema jina la mtoto. Akasema amekufa. Hakuharakisha. Yule mama akamwangukia kifuani, naye akamshika muda mfupi, akainuka, akatoka, mlango ukajifunga. Likaja tangazo la dawa ya meno.

"Huyo," alisema Chelagat. "Huyo hakuja kwangu."

Zamu ilipoisha aliniambia niende naye nyumbani. Hakueleza. Jua lilikuwa bado juu. Alipitiliza hadi chumba cha chini, akawasha taa, nikamsikia akisema, "Panda juu." Baba Ethan akapanda, amevaa soksi, ndevu zimemjaa. Mimi niliingia jikoni nikasonga ugali ili mikono iwe na kazi, lakini mlango ulikuwa wazi na masikio yangu hayana mfuniko.

"Niambie," akasema Chelagat. Alikuwa amekaa kwenye kochi, bado ana sare za kazi. "Niambie kama ulivyomwambia yule mwanamke."

Baba Ethan alielewa. "Uliniambia nisikuigizie."

"Nilisema hivyo nikiwa na mtoto."

Alisimama pale na soksi zake, mikono imelegea. Nilidhani atarudi chini. Badala yake akaenda kabatini, akavaa koti la kijivu, akafungua mlango wa mbele, akatoka, akaufunga. Kisha akabisha.

"Karibu," akasema Chelagat.

Akaingia mikono mitupu. Na alikuwa ameipata ile sura. Sijui aliitoa wapi, na ndevu zile. Akavuta kiti, akakaa mbele ya mke wake, akamtazama.

"Mama Ethan, umekula?"

"Nimekula."

"Ethan amekufa." Sauti haikuwa kubwa wala ndogo. "Alikuwa anacheza mpira Fairfax na marafiki zake. Moyo wake ukasimama. Walijaribu kumsaidia, haikuwezekana. Hakuwa peke yake."

Chelagat akaanza. Kwanza ilikuwa sauti ndogo, kisha ikafunguka, kile kilio cha kwao cha milimani, ambacho kilikuwa kimemsubiri miezi yote ile. Alimlilia mtoto wake kwa jina la Kikalenjin ambalo sisi hatukuwahi kulijua. Nilizima jiko.

Baba Ethan aliinuka. Alikuwa amekwisha kusema, na mjumbe akishasema hutoka. Aligeuka, akapiga hatua kuelekea mlangoni, na mkono wake ulikuwa kwenye kitasa wakati Chelagat alipomfikia na kumkamata koti kwa nyuma.

"Unakwenda wapi?" alimpigia kelele. "Baba Ethan, unakwenda wapi? Ni mtoto wako pia!"

Alisimama. Aligeuka polepole, na ile sura ilikuwa inamtoka, akawa hajui aweke wapi mikono. Maisha yake yote alikuwa akitoka hapo. Kisha akakaa chini palepale mlangoni na koti lake, Chelagat akakaa naye, na mzee yule akalia kwa sauti mbaya, ya kukwaruza, ambayo hakuna jukwaa lingeikubali.

Mmoja ilibidi atoke. Nikafunika ugali, nikapitia mlango wa jikoni, nikaingia garini, nikampigia Audrey simu. Nilimwambia mfiwa ameanza. Nikamsikia akivuta kiti huko aliko, na sote wawili tukalia.